Mirambo, Carothers na ubongo wa mtu asiye na huruma

Agosti 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley aliandamana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Wakapigwa wao. Mirambo akaingia Tabora, akachoma nyumba, na tajiri Khamis bin Abdullah akauawa. Katika maandishi ya Stanley ya wakati huo Mirambo ni jambazi tu. Aprili 1876 wawili hao wakakutana Serombo, na safari hii Stanley akamwona mtu mrefu, mpole, wa sauti ya chini. Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley, akawachanja wote wawili mguu wa kulia, akabadilisha damu zao, wakawa ndugu. Ubongo wa Mirambo ulikuwa uleule. Kilichogeuka ni haja ya yule aliyekuwa akimweleza.

Kisa hicho kinamfaa yeyote, awe Ziba, mkoani Tabora, au Dar es Salaam, anayesikia kwamba sayansi imeuona ubongo wa saikopathi, yaani mtu anayedhuru wenzake bila kujuta. Mwaka 2011 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wafungwa. Kwa wale walioitwa saikopathi, mawasiliano kati ya eneo la mbele la ubongo, lile lililo juu ya macho, na amigdala, kiini kidogo kinachoshughulika na hofu, yalikuwa hafifu kuliko kwa wafungwa wengine. Siyabezi matokeo hayo. Ila utazame utaratibu wenyewe: kabla ya kulazwa kwenye mashine ya MRI ya kupiga picha ubongo, mfungwa alihojiwa, faili lake likasomwa, akapewa alama kwa orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare yenye vipengele 20, ambayo mwisho wake ni alama 40. Anayefikisha 30 ndiye huitwa saikopathi. Jina hutangulia, picha hufuata, na jina likikosewa picha haiwezi kulisahihisha.

Atasema mtu kwamba mashine haina chuki. Kweli, wala mizani haikuwa na chuki pale F. W. Vint, daktari wa patholojia Nairobi, alipopima bongo za Waafrika na mwaka 1934 akatangaza kwamba ni pungufu kuliko za Wazungu. Akafuata J. C. Carothers, mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari tangu 1938 hadi 1950. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji, hata na saikopathi. Bara zima likapewa maradhi! Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maelezo ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na watu waliodai ardhi yao wakageuka wagonjwa wa nafsi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watafiti wa leo si Carothers: wanalinganisha mfungwa na mfungwa, si kabila na kabila. Nakubali, na hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo walichokipata ni wastani wa kundi dogo. Wastani hauonyeshi kama udhaifu huo wa mawasiliano mtu alizaliwa nao, au uliletwa na malezi ya kipigo, dawa za kulevya na miaka ya gerezani. Wala haumwambii hakimu kama huyu aliyesimama kizimbani atadhuru tena. Watu wasio na huruma wapo, na majirani zao huwajua kwa matendo yao bila kusubiri mashine. Kwa hiyo ikiwa siku moja picha ya ubongo italetwa mbele ya mahakama ya Tabora, hakimu aanze kwa kuuliza ni nani alimpa mshtakiwa jina hilo, lini, na kwa ushahidi gani.