Uzee wa Baruti

Neno mzinga katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Ya kwanza ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waweke asali. Ya pili ni silaha ya chuma au shaba itemayo moto. Si vigumu kuona jinsi jina lilivyohama kutoka mtini hadi ngomeni. Risasi na baruti, kwa upande wao, yalikuja na Kiarabu: risasi ni madini kabla ya kuwa kiasi cha bunduki, na baruti ni unga mweusi uliofika pwani katika vyombo vile vile vilivyoleta tende na vitambaa. Maneno haya yote yaliingia katika lugha wakati wa baruti ya kale, nayo yamebeba fikra za wakati huo mpaka leo.

Baruti hiyo ya kale ilikuwa mchanganyiko wa shura, kibiriti na makaa, na adui yake alikuwa maji. Iliyowekwa pakavu ilidumu. Iliyoingiwa na unyevu ilikufa. Mwenye kuimwaga baharini alikuwa amemaliza kazi, kwa kuwa shura huyeyuka majini na kinachobaki hakina nguvu tena. Kwa hiyo mazoea ya watu wa pwani, kama ya watu wengi wa dunia, yalijengwa juu ya fikra moja: kwamba zana ya vita ikizeeka hufa. Mizinga miwili ya shaba ya Wareno iliyokaa miaka mingi mbele ya mlango wa Beit al-Ajaib, Unguja, ilikuwa shahidi wa fikra hiyo. Ilikwishakuwa pambo, na aliyepita mbele yake hakuwa na sababu ya kuharakisha mwendo.

Fikra hiyo ilikuwa na haki yake kwa wakati wake. Ubaya ni kwamba baruti ilibadilika, na jina halikubadilika.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Asili yake si shura wala makaa, bali ni pamba: pamba ile ile ambayo mkulima wa Mkula, mkoani Simiyu, huipeleka kuuza kila msimu akitarajia iwe nguo. Nyuzi za pamba zikichovywa katika asidi kali hugeuka kitu kinachoungua kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya nguvu ya unga mweusi. Lakini pamba iliyotiwa asidi haitulii. Toka siku ya kutengenezwa huanza kuoza polepole. Katika kuoza hutoa joto na mvuke mkali, na mvuke huo huuharakisha uozo wenyewe. Watengenezaji huitia dawa ya kuituliza, yenye kuunywa mvuke huo. Dawa nayo hupungua mwaka baada ya mwaka, na penye joto hupungua upesi zaidi. Ikiisha, baruti yaweza kuwaka yenyewe, bila cheche na bila mkono wa mtu.

Wafaransa walikuwa wa kwanza kupata baruti hiyo, na walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipa gharama ya uzee wake. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka ikiwa bandarini Toulon, katika wakati wa amani, ikaua zaidi ya watu 100. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari hiyo hiyo, manowari Liberté nayo ililipuka, na waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Hakuwapo adui. Lawama iliiangukia baruti iliyokaa siku nyingi ndani ya matumbo ya meli.

Hapa ndipo ilipo tafauti ambayo lugha haikuionesha. Baruti ya kale ikizeeka hudhoofika. Baruti ya sasa ikizeeka huzidi kuwa kali kwa mwenye kuiweka. Tangu hapo swali la nini kifanywe na risasi na mabomu yasiyotakiwa likawa swali zito, na historia ya Afrika Mashariki inaonesha kwamba watu wamelijibu kwa njia tatu: kuyatumia tena, kuyatupa majini, na kuyaweka.

Njia ya kwanza na ya pili zilionekana wazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha aliipandisha maji mafupi, ikawaka moto. Waingereza walidhani shehena imeangamia. Walipoondoka, sehemu kubwa ya shehena ilitolewa majini. Risasi zilizoloa zilifunguliwa, baruti ikatolewa na kuanikwa, kisha zikafungwa upya. Nyingine zilikataa kulia zilipopigwa, lakini zilizolia zilirefusha vita. Miezi mitatu baadaye, tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wa Königsberg waliizamisha meli yao wenyewe katika delta ya Rufiji baada ya kushambuliwa. Mizinga yake 10 ilitolewa ikaburutwa bara kupigana nchi kavu, na mmoja wake upo Mombasa hadi leo.

Vita vilipokwisha ikaja zamu ya maji. Jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kumbukumbu za mji huo husimulia kwamba silaha na risasi zilitupwa katika ziwa dogo la Chila lililo karibu. Hivyo ndivyo dunia yote ilivyofanya, kwa vipimo vikubwa zaidi. Katika mfereji wa bahari uitwao Beaufort's Dyke, kati ya Scotland na Ireland ya Kaskazini, Uingereza ilitupa zaidi ya tani milioni 1 za mabomu na risasi. Mwaka 1995, wakati bomba la gesi likilazwa karibu na hapo, mabomu ya moto yaliibuka yakaja ufukweni, miaka mingi baada ya waliyoyatupa kustaafu na kufa. Bahari iliyoiua baruti nyeusi haikuiua hii, kwa sababu ganda la chuma huilinda dhidi ya maji mpaka chuma kiishe. Mkataba wa London wa mwaka 1972, unaozuia kutupa taka baharini, ndio ulioanza kuufunga mlango huo.

Ikabaki njia ya tatu, ya kuweka. Ndiyo njia inayoonekana ya busara kuliko zote, maana haina kelele wala gharama ya siku hiyo, na mwenye kuweka huhesabiwa kuwa mtunzaji mwema wa mali ya umma. Nchi zilizopata uhuru katika miaka ya 1960 zilijenga majeshi wakati wa Vita Baridi, zikapokea na kununua mabomu mengi, zikayapanga katika mabohari nje ya miji. Wakati huo nje ya mji ilikuwa nje ya mji kwelikweli. Lakini Dar es Salaam, iliyokuwa na watu chini ya laki 4 katika hesabu ya mwaka 1967, ilifikia karibu milioni 2 na nusu mwaka 2002, na zaidi ya milioni 4 mwaka 2012. Mji uliyafuata mabohari ulipokuwa ukitafuta ardhi ya bei nafuu, na waliojenga kando ya uzio hawakuwa na njia ya kujua umri wa kilichokuwa ndani.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 2009 bohari ya kambi ya Jeshi la Wananchi iliyoko Mbagala ilianza kulipuka. Makombora yaliruka yakaangukia mitaa ya watu, shule zikakimbiwa, na maelfu ya nyumba yakapata nyufa au kubomoka. Watu zaidi ya 20 walikufa, wanajeshi na raia. Serikali iliahidi kwamba jambo hilo halitarudiwa. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, kabla ya miaka 2 kutimia, mabohari ya kambi ya Gongo la Mboto yalilipuka katika mji ule ule. Wakazi walitembea gizani na watoto mgongoni bila kujua wanakokwenda. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda, maelfu wakakusanyika Uwanja wa Uhuru, na siku kadhaa zilipita wazazi wakitafuta watoto wao. Hapo napo waliokufa walipindukia 20, na majeruhi walikuwa mamia. Siku zilizofuata wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba kuyakusanya mabomu yaliyoanguka bila kulipuka, na madai ya fidia yaliendelea kusikika muda mrefu baada ya moshi kutoweka.

Haikuwa Dar es Salaam peke yake. Ikeja, mjini Lagos, tarehe 27 Januari 2002, inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao wakizama katika mfereji walipokuwa wakiukimbia moto usiku. Malhazine, mjini Maputo, tarehe 22 Machi 2007, walikufa zaidi ya 100, na wakubwa wa huko walitaja joto kali. Mpila, mjini Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, zaidi ya 200. Bata, katika Guinea ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, zaidi ya 100. Chanzo cha cheche ya kwanza hakikuwa kimoja katika misiba hiyo yote. Kilichofanana ni wingi wa vitu vilivyorundikwa pamoja na ukaribu wa nyumba za watu. Wapo wachunguzi wanaoweka daftari ya ajali za namna hii tangu mwaka 1979, nao wamehesabu zaidi ya 500 duniani.

Njia ya nne ipo, nayo ni kuyaharibu mabomu kwa makusudi kabla hayajajiharibu yenyewe. Kazi hiyo huanza na karatasi kabla ya moto: kila sanduku liandikwe lilitengenezwa mwaka gani, lilikaa wapi na katika joto gani. Kisha sampuli za baruti hupimwa, ionekane dawa ya kutuliza imebaki kiasi gani. Iliyokaribia mwisho hutolewa bila kungoja mwaka wa fedha mwingine. Mabomu huchukuliwa kidogo kidogo mpaka uwanja ulio mbali na makazi, hulazwa mashimoni, hufunikwa kwa udongo na kulipuliwa na mafundi, jirani wakiwa wamekwisha kuarifiwa siku na saa. Baruti iliyo wazi huunguzwa ikiwa imetandazwa nyembamba, kamwe si katika rundo. Risasi ndogo huteketezwa katika tanuri maalumu, na shaba yake huuzwa. Kila hatua ina mtaalamu wake, na hakuna hata moja ambayo mtu asiyefundishwa anaweza kuijaribu akasalimika.

Kanuni za kazi hii zimekusanywa na Umoja wa Mataifa katika miongozo iliyotolewa mwaka 2011, mwaka ule ule wa Gongo la Mboto. Kabla yake, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, ya kudhibiti silaha ndogo ndogo. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha mpango wa kuzisimamia risasi na mabomu tangu yanapotengenezwa mpaka yanapoteketezwa. Maneno basi yapo. Kinachopungua ni fahari. Tarehe 15 Novemba 2016, huko Ngong, Kenya, bunduki 5,250 zilichomwa hadharani, na picha zikaenea. Bunduki huweza kuchomwa kwa sherehe. Baruti haina sherehe: kazi ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na jambo lisilotokea halina mpiga picha. Tena, afisa anayetia saini ya kuteketeza huonekana anaharibu mali, na yule anayeongeza kufuli huonekana anaihifadhi. Hesabu ya pili huja baadaye, na hulipwa na jirani aliyekuwa akipika chakula cha mchana. Waliosema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi waliijua tabia hii ya wanaadamu.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la majeshi na miji mikubwa tu. Mkula haina umaarufu wa mabohari. Lakini huko Simiyu, kati ya Ziwa la Victoria na mbuga za Serengeti, kama katika sehemu nyingi za bara, gobore lina historia ndefu ya uwindaji na ulinzi, na mwenye gobore huacha nyuma yake baruti na fataki ndani ya kopo, pengine na risasi za bunduki nyengine ambazo warithi hawajui zilikotoka. Mrithi hufikiri kwa mujibu wa fikra ya zamani, kwamba vitu vya marehemu vimekufa pamoja naye. Atavitupa chooni au kisimani, atavichoma pamoja na takataka, au atampa mnunuzi wa vyuma chakavu; na kila njia katika hizo inahamisha hatari kutoka mkono mmoja hadi mwingine, aghlabu mkono wa mtoto. Silaha na risasi Tanzania Bara zinaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na Septemba na Oktoba 2022 serikali iliwapa watu nafasi ya kusalimisha kwa hiari silaha walizokuwa nazo kinyume cha sheria bila kushitakiwa. Kwa kitu kilichookotwa shambani au kilichokutwa darini, lililo salama ni kutokigusa, kuweka alama mbali nacho, kuwazuia watoto, na kuwaita polisi wakifuate hapo kilipo.

Kiswahili kimeshika jina moja, baruti, kwa vitu viwili vyenye tabia mbili zinazopingana, na lugha haina kosa katika hilo, kama isivyo na kosa kwa kuuita mzinga wa nyuki na mzinga wa vita jina moja. Mfugaji wa nyuki hausogelei mzinga wake kwa kuwa umetulia. Huusogelea kwa kuwa anajua umri wake na msimu wake, na amekuja na moshi. Mabohari nayo yanataka mtu wa namna hiyo, mwenye daftari mkononi, ajuaye kila sanduku lina miaka mingapi, na aliyepewa ruhusa ya kulitoa siku yake ikifika.