Maaskofu waliotawala Trento kwa zaidi ya karne saba

KWA muda wa miaka 776, mji wa Trento, ulioko kando ya mto Adige katika milima ya Alps, ulitawaliwa na maaskofu. Askofu wa mji huu hakuwa kiongozi wa ibada peke yake. Alitoza ushuru, aliamua kesi, alisimamia machimbo ya madini ya fedha, aliamrisha askari na kuwa na kiti katika bunge la Dola Takatifu la Kiroma. Ndiposa wanahistoria humwita askofu mtawala.

Leo Trento ni makao makuu ya mkoa wenye mamlaka ya kujitawala kaskazini mwa Italia. Katika Enzi za Kati, hata hivyo, mji huo ulikuwa chini ya makaizari wa Kijerumani walioongoza dola hilo.

Utawala wa maaskofu ulianza mwaka 1027. Kaizari Konrad wa Pili, akirejea kutoka Roma alikotawazwa na Papa, alimkabidhi Askofu Udalrico wa Pili mamlaka ya kiserikali juu ya Trento na maeneo jirani. Sababu yake ilikuwa wazi. Mfalme wa Ujerumani aliyetaka taji la kaizari alilazimika kuivuka milima ya Alps, na njia iliyokuwa nafuu ilipitia Brenner na kuteremkia bonde la Adige. Aliyelishika bonde hilo alishika mlango wa Italia.

Kaizari aliona heri mlango huo ulindwe na mtu asiye na mrithi. Bwana wa kawaida alimwachia mwanawe ardhi aliyopewa, na baada ya vizazi kadhaa ikawa mali ya ukoo. Askofu haoi. Alipofariki, kiti kilibaki wazi na kaizari akapata nafasi ya kumweka mtu aliyemwamini. Baada ya mapatano ya Worms ya mwaka 1122, uchaguzi uliwaendea mapadri wa kanisa kuu, ingawa wafalme na mapapa hawakuacha kuuingilia.

Miongoni mwa waliosifika ni Federico Vanga, aliyetawala kuanzia mwaka 1207. Alikusanya hati za haki za uaskofu katika kitabu kinachojulikana kama Codex Wangianus, akatoa sheria za uchimbaji wa fedha mwaka 1208, na mwaka 1212 akaanzisha ujenzi mpya wa kanisa kuu la Mtakatifu Vigilius. Alifariki mwaka 1218 katika mji wa Akka, akiwa kwenye Vita vya Msalaba.

Lakini utawala huu ulikuwa na ufa tangu awali. Sheria za Kanisa zilimkataza padri kumwaga damu, hivyo askofu alihitaji bwana wa kumshikia upanga. Kazi hiyo iliwaangukia watawala wa Tyrol, majirani wa kaskazini, nao wakageuka kutoka walinzi kuwa mabwana. Fahali wawili hawakai zizi moja. Katika karne ya 13, Meinhard wa Pili wa Tyrol aliwapokonya maaskofu sehemu kubwa ya mamlaka yao. Tyrol ilipoangukia mikononi mwa ukoo wa Habsburg mwaka 1363, maaskofu walijikuta chini ya kivuli cha Austria.

Wananchi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1407, wakazi wa Trento wakiongozwa na Rodolfo Belenzani walimwasi Askofu Georg wa Liechtenstein wakidai haki zao. Majeshi ya mtawala wa Austria yaliuzima uasi huo, na Belenzani akauawa mwaka 1409.

Doa kubwa zaidi liliachwa na Askofu Johannes Hinderbach. Mwaka 1475, mtoto Simon alipopatikana akiwa amekufa, Wayahudi wa mji huo walisingiziwa kumuua. Waliteswa hadi wakakiri wasilolitenda, kisha wanaume kadhaa wakauawa, baadhi yao kwa kuchomwa moto. Simon aliheshimiwa kama mfiadini kwa karne nyingi, hadi Kanisa lilipofuta ibada hiyo mwaka 1965.

Mji ulifikia kilele cha fahari chini ya Bernardo Clesio, aliyetawala kuanzia mwaka 1514 hadi 1539. Alilipanua kasri la Buonconsiglio, ambalo leo ni jumba la makumbusho. Mrithi wake, Cristoforo Madruzzo, aliupokea Mtaguso wa Trento, uliofanyika kwa awamu kati ya mwaka 1545 na 1563 kulijibu vuguvugu la Uprotestanti.

Ni kwa Madruzzo hesabu ya Konrad ilipovurugika. Cristoforo alifuatwa na mwana wa ndugu yake, Ludovico. Huyo naye akamwachia mwana wa ndugu yake, Carlo Gaudenzio, aliyefuatwa na Carlo Emanuele kwa njia iyo hiyo. Kwa miaka 119, kiti kisichorithiwa kikarithiwa katika ukoo mmoja. Carlo Emanuele, akiwa mwanamume wa mwisho wa ukoo huo, alimwomba Papa amfungue kiapo ili aoe, akakataliwa. Alipofariki mwaka 1658, ukoo ulizimika pamoja naye.

Majeshi ya Napoleon yaliingia Trento mwaka 1796. Mwaka 1803, Askofu Emanuele Maria Thun alivuliwa rasmi mamlaka ya kiserikali na ardhi ikakabidhiwa Austria. Alibaki na kazi ya kuchunga waumini, ile ambayo maaskofu wa Trento walikuwa nayo kabla ya kaizari kuwapa upanga. Mji wenyewe uliingia mikononi mwa Italia mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika.