Matope ya Jamaica yana wenyewe

Ile video mliiona. Mimi niko ndani ya kigari cha matope, helmeti imenikaa upande kama kifuniko cha sufuria ya mtu mwingine. Anti yangu ameshika usukani kama dereva wa matatu aliyeona polisi mbele. Tunaingia kidimbwi cha maji ya kahawia, tunapiga nduru, simu inajaa matope, mwisho. Sekunde 22. Imetazamwa kuliko posti zangu zote za historia zikijumlishwa, na wala sijakasirika. Sawa, nimekasirika kidogo.

Leo nataka kuwaambia kile ambacho hakikuingia kwenye hizo sekunde 22.

Kwanza mambo ya pesa, kwa sababu najua mtauliza. Sikulipa hata shilingi. Anti ni nesi Florida, na amefanya zamu za usiku tangu nikiwa darasa la pili. Alipotimiza miaka hamsini aliamua kupanda meli ya kitalii, na akasema hapandi peke yake. Meli ikatoka Florida, ikazunguka Karibi, na mojawapo ya bandari zake ilikuwa Falmouth, kaskazini mwa Jamaica. Utaratibu uko hivi: meli inafunga gatini asubuhi, inaondoka jioni, na kabla hujashuka ushauziwa matembezi ya masaa machache. Kuna ya kuelea mtoni kwa rafu ya mianzi, kuna ya maporomoko ya maji, na kuna ya vigari vya matope. Anti hakufikiria mara mbili. "Nimeosha watu miaka ishirini," akaniambia. "Leo wacha nichafuke mimi."

Tukapelekwa kwa basi hadi shamba moja la zamani ndani ya jimbo la Trelawny. Tukaonyeshwa breki, tukaonyeshwa ishara za mikono, tukapanga foleni ya vigari kumi, mwongozaji mmoja mbele na mwingine nyuma. Sitawadanganya, ilikuwa raha. Njia ni nyembamba, mianzi imeinama juu yako, halafu ghafla uko wazi kwenye nyasi na bahari unaiona kwa mbali.

Nusu njia tukasimama kunywa maji. Kando kulikuwa na ukuta wa mawe uliomezwa na mizizi. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo Trelawny, akazima injini. Akasema ukuta huo ni mabaki ya kinu cha miwa, na njia tuliyokuwa tunaendesha ilikuwa ya mikokoteni ya ng'ombe wakati wa utumwa. Akataka kuongeza kitu. Akaangalia saa. "Haya, helmeti vichwani."

Dakika nne. Najua kwa sababu simu yangu ilikuwa inarekodi. Sio makosa yake. Meli haingoji mtu, na nyuma yetu kulikuwa na kundi lingine linalosubiri kidimbwi hicho hicho. Lakini hiyo sentensi aliyoimeza imenikaa kooni tangu siku hiyo. Kwa hivyo hebu tuimalizie pamoja.

Wale mliokulia Mumias au Nzoia mnajua kitu kimoja kuhusu miwa: ikishakatwa haingoji. Utamu unaanza kuharibika upesi, lazima isagwe mapema. Ndiyo maana mashamba makubwa ya Jamaica yalikuwa na vinu vyao wenyewe, na njia za kutoka kila kona ya shamba hadi kinuni. Halafu njia nyingine ya kutoka kinuni hadi baharini, ya kupitisha mapipa ya sukari na ramu. Kwa hivyo ukiona njia ya zamani kule, usidhani ni ng'ombe waliichora wakienda kunywa maji. Kuna mtu aliikata. Na huyo mtu hakulipwa.

Waingereza waliwanyang'anya Wahispania Jamaica mwaka 1655. Falmouth ilianzishwa mwaka 1769, ikapewa jina la mji wa Uingereza alikozaliwa gavana wa wakati huo, William Trelawny. Jimbo nalo likapewa jina la gavana mwenyewe. Ulikuwa mji wa pesa. Kufikia mwaka 1799 ulikuwa na maji ya bomba, na mwaka huo huo meli za Waingereza zilikuwa bado zinaleta Waafrika kuuzwa kisiwani. Kwenye bonde la mto Martha Brae, tajiri mmoja, John Tharp, alinunua shamba la Good Hope mwaka 1767, akaongeza mengine na mengine. Alipofariki mwaka 1804 alikuwa anamiliki zaidi ya watu 2,000. Soma tena: watu.

Ati hawakupigana? Walipigana. Mwisho wa mwaka 1831, siku mbili baada ya Krismasi, moto uliwashwa kwenye shamba la Kensington, jimbo jirani la St. James. Kiongozi alikuwa Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Mpango wake ulikuwa mgomo: Krismasi ikiisha, hakuna kurudi kazini bila mshahara. Makumi ya maelfu walijiunga. Baada ya kushindwa, zaidi ya 300 waliuawa kwa hukumu za mahakama, na Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Leo yuko kwenye noti ya Jamaica. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa.

Lakini sikilizeni venye ilikomeshwa. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na bado watu wakaambiwa waendelee kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina jipya la "wanagenzi". Uhuru kamili ulikuja tarehe 1 Agosti 1838. Usiku wa kuamkia siku hiyo, hapo hapo Falmouth, waumini wa mmishonari William Knibb waliweka minyororo, mjeledi na kola ya chuma ndani ya jeneza, wakaizika kwenye uwanja wa kanisa lao. Si mwendo mrefu kutoka gati tuliloshukia. Sisi tulipita na basi lenye kiyoyozi.

Na fidia? Ililipwa. Pauni milioni 20, kiasi kikubwa sana kwa serikali ya wakati ule. Walilipwa wamiliki. Waliokata njia hawakupata hata senti. Serikali ya Uingereza ilikopa ili kulipa, na deni hilo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Mimi 2015 nilikuwa shule, tayari nina akaunti ya Facebook.

Sasa tuje kwa hilo jambo lenyewe la kutoka barabarani. Matembezi yetu yaliuzwa hivyo: toka barabarani, ingia porini, kuwa huru. Mtu aliyeandika hilo tangazo sijui kama alijua anasema nini, kwa sababu Jamaica hayo maneno yalikuwa kweli tupu. Barabara ilikuwa ya bwana. Ilianza shambani kwake na kuishia melini kwake. Ukitaka kuwa huru, ulitoka barabarani.

Kusini mwa Trelawny kuna eneo linaitwa Cockpit Country. Ni vilima vya mawe ya chokaa vilivyosongamana, na katikati yavyo mashimo marefu kama mabakuli, yote yamefunikwa na msitu. Farasi hapati pa kukanyaga. Huko ndiko waliishi Wamaroon, watu waliotoroka utumwa na vizazi vyao. Jeshi la Waingereza lilipigana nao miaka mingi bila kuwaweza, hadi tarehe 1 Machi 1739 likatia sahihi mkataba na kiongozi wao, Cudjoe, na kuwaachia ardhi yao.

Najua mnataka niwape mashujaa wasio na doa. Siwezi. Mkataba huo uliwataka Wamaroon wawarudishe watumwa wapya waliotoroka, na waliukubali. Uhuru wao ulilindwa kwa kuwafungia wengine mlango. Hata hivyo haukuwasaidia milele. Mwaka 1795 vita vilizuka tena na watu wa Trelawny Town, na Waingereza wakaagiza mbwa wa kuwinda watu kutoka Cuba, kama 100 hivi, pamoja na wenye kuwaongoza. Wamaroon walisalimu amri wakiwa wameahidiwa hawatafukuzwa kisiwani. Mwaka 1796 zaidi ya 500 walipakiwa melini na kupelekwa Nova Scotia, kwenye theluji ya Kanada. Mwaka 1800 wakahamishiwa Sierra Leone. Yaani baada ya yote hayo, wakarudishwa Afrika na meli ile ile ya Mwingereza, kwenye koloni la Mwingereza.

Sasa mtauliza, ilikuwaje shamba la miwa likawa uwanja wa kuchezea matope? Jibu fupi: sukari ilianguka, lakini meli hazikuacha kuja. Mwaka 1846 Uingereza ilianza kuondoa ushuru uliokuwa unailinda sukari ya makoloni yake, na mashamba mengi ya Jamaica yakafa. Miaka ya 1870 nahodha Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, akaanza kupeleka ndizi za Jamaica Marekani. Meli za ndizi zilipopata nafasi zikaanza kubeba na abiria waliotaka jua wakati wa baridi. Hao ndio waliofungua njia ya sisi tulioshuka pale gatini na kofia za majani. Mwaka 2011 Falmouth ikafungua gati jipya lililojengwa kwa ajili ya meli kubwa kabisa za kitalii, zile zinazobeba watu zaidi ya 5,000 kwa mara moja.

Kile kigari nacho kina historia, na ni fupi. Mwaka 1970 Honda ilianza kuuza Marekani pikipiki ya matairi matatu manene ya kupita kwenye theluji na matope. Ilipinduka sana na kuumiza watu wengi. Mwaka 1982 Suzuki ikaleta ya matairi manne. Baadaye ikaja yenye viti viwili, usukani na vyuma vya kukinga kichwa. Ghafla shamba ambalo halizalishi tena lina zao jipya. Miwa, kisha ndizi, kisha matope. Zao limebadilika mara mbili na bado mwenye meli ndiye anayepanga saa.

Jioni hiyo tulisimama juu ya meli tukiangalia Falmouth ikipungua. Anti alikuwa bado ana matope kwenye kucha. Nikamwambia hayo ya kinu na njia, nikitegemea anicheke, kwa sababu mchana alikuwa amenikatiza: "Mimi nimelipia matope, sio somo." Akanyamaza. Halafu akasema, "Unajua mamangu alichimba mtaro?"

Sikujua. Shosho wangu, wa Nyeri, ambaye mimi namjua kwa chai na redio. Wakati wa hali ya hatari, baada ya 1952, Waingereza waliwatoa watu vijijini kwa lazima, wengi wao wanawake, wakachimba mtaro mrefu pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wakaujaza miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula kutoka kwa watu wao. Shosho alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mbili. Alibeba udongo. Hajawahi kulisema kwangu hata siku moja, na mimi ndiye ninajiita mtu wa historia.

Serikali ile ile, akili ile ile: msitu ni wa adui, kwa hivyo chora mstari, na wachoraji wawe watu wake mwenyewe. Leo watu wanapita karibu na mabaki ya huo mtaro wakienda kupanda mlima, wakidhani ni korongo tu. Wanapiga picha. Singewalaumu. Mimi nilipiga nduru juu ya njia ya watumwa na nikaweka muziki.

Sisemi msiende. Yule kijana wa Trelawny anaishi kwa hiyo kazi, na watalii wakikosa kuja, historia haitamlipia kodi ya nyumba. Ninachosema ni kwamba hakuna pori tupu. Ukipata njia, uliza nani aliikata. Mwongozaji akizima injini, usiangalie simu yako, na usikubali awashe kabla hajamaliza sentensi. Watu kumi wakiuliza, dakika nne zitakuwa kumi, na kampuni itapanga ratiba upya, kwa sababu kampuni inasikiza wateja. Na ukimpa kitu kidogo, mpe kwa hizo dakika, sio kwa kidimbwi.

Nimeweka hapa zile dakika nne zote, bila kukata, pamoja na kelele za upepo. Kufikia sasa zimetazamwa na watu 61. Mmoja ni Anti. Mwezi wa nane naenda Nyeri na simu iliyojaa chaji, nikakae na Shosho, na sitamharakisha.

Wewe je, njia ya kwenu nani aliikata? Kama bado kuna mtu wa kuuliza, muulize wiki hii.