Sotoka, Ugonjwa wa Ng'ombe Ulioua Watu

Sotoka haijawahi kumpa binadamu hata homa ya usiku mmoja. Mchungaji aliweza kulala zizini na ng'ombe mgonjwa, akamkamua, akamchuna baada ya kufa na kula nyama yake, asipatwe na lolote. Lakini ukiuliza ni ugonjwa gani uliowamaliza watu kuanzia Pembe ya Afrika hadi nyanda za Umaasaini katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, sotoka haikwepeki. Iliua ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha, wenye ng'ombe wakafuata.

Ng'ombe aliyeshikwa alianza na homa kali, akaacha kula. Macho yakatiririka machozi, pua ikatoa kamasi nzito. Ukimfunua mdomo, ufizi na ulimi vilikuwa vimetapakaa madoa meupe kama pumba, na yalipobanduka yaliacha vidonda vibichi. Kisha kukaja kuhara, mavi ya maji yenye damu na harufu ya kuoza, hadi mnyama akashindwa kusimama. Wengi walikufa kati ya siku 6 na 12 tangu homa ianze. Katika makundi ambayo hayakuwahi kukutana na ugonjwa huo, waliokufa walifikia 9 kati ya kila 10.

Makundi ya Afrika Mashariki hayakuwahi kukutana nao. Mwaka 1887, Waitalia waliokuwa wakijitanua katika Eritrea ya leo walishusha ng'ombe kwenye bandari ya Massawa. Inaaminika ng'ombe hao walitoka India, ambako sotoka ilikuwa imezoeleka, na virusi vikashuka pamoja nao. Muda si mrefu ugonjwa ukapanda nyanda za juu za Ethiopia na kuwafyeka maksai. Mkulima wa Ethiopia alilima kwa jembe la kukokotwa. Maksai walipokufa, mashamba yakalala. Ukame na nzige vikamalizia kilichobaki. Njaa iliyodumu kuanzia 1888 hadi 1892 inakadiriwa kuwa iliua theluthi moja ya watu wa nchi hiyo.

Kutoka huko sotoka ilishuka kusini kwa kasi ya misafara ya mifugo. Frederick Lugard, akielekea Uganda mwaka 1890, aliandika habari za mizoga ya ng'ombe na nyati iliyozagaa njiani. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshatapakaa Umaasaini. Mwaka 1896 ulivuka Zambezi, na mwaka 1897 ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Ndani ya miaka kumi ulikuwa umelipita bara kutoka Bahari ya Shamu hadi ncha yake ya kusini.

Kwa Wamaasai, ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto asubuhi, mahari ya kijana, fidia ya kosa na heshima ya mzee. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshawapunguzia mifugo katika miaka ya 1880, na sotoka ikawakuta tayari wamejeruhiwa. Ikafuata ndui, ambayo huwapenda watu waliodhoofishwa na njaa. Miaka hiyo wameiita Emutai, maangamizi. Mpelelezi Oscar Baumann kutoka Austria, aliyefika kreta ya Ngorongoro mwaka 1892, aliwaona wanawake waliobaki mifupa mitupu, wapiganaji waliotambaa kwa mikono na miguu, na watu waliogombania ngozi, pembe na mifupa ya mizoga. Alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamaasai walikuwa wamekufa. Ni kadirio la mpita njia, lakini simulizi za Wamaasai wenyewe hazipunguzi ukubwa wa msiba huo. Familia zilizosalia zilitawanyika kutafuta chakula kwa majirani wakulima. Wanawake na watoto wengi waliachwa kwa Wakikuyu, na baadhi yao hawakurudi tena.

Msiba haukuishia kwenye maboma. Sotoka iliwashika pia wanyama wa porini wenye kwato zilizogawanyika: nyati, nyumbu, twiga, pofu, tandala. Malisho yaliyokuwa yakilishwa na mifugo na wanyamapori, na kuchomwa na wafugaji kila kiangazi, yakabaki bila wa kuyala wala wa kuyatunza. Vichaka vikaota. Na palipo na kichaka, mbung'o hupata kivuli.

Mwanahistoria Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijenga hoja hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1977. Kwa maoni yake, watu wa Tanganyika ya kabla ya ukoloni walikuwa wameidhibiti nchi yao kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto kwa mpangilio, na udhibiti huo ulivunjika miaka ya 1890 pale mifugo ilipokufa na watu wakapungua. Kabla yake John Ford, aliyekaa miaka mingi akichunguza mbung'o, alikuwa ameonyesha jambo linalofanana na hilo: wanyamapori walirudi upesi kuliko ng'ombe na watu, na mbung'o wakarudi pamoja nao. Wanahistoria wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu, na ni haki yao. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalilipuka kwenye fukwe na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kufikia 1920 watu wapatao robo milioni walikuwa wamekufa. David Bruce, aliyetumwa Entebbe, alithibitisha mwaka 1903 kwamba vimelea vya malale hubebwa na mbung'o. Serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kandokando ya ziwa.

Wakoloni waliingia katika nchi iliyokuwa imetoka kufiwa, wakaiona tupu. Reli ya Uganda ilipokatiza Bonde la Ufa, malisho yasiyo na ng'ombe yalihesabiwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai wa Kenya walisukumwa mara mbili kutoka malisho yao bora kuwapisha walowezi. Huwezi kuieleza ramani ya ardhi ya Afrika Mashariki ukaruka kirusi kilichoingilia Massawa.

Ulaya ilikuwa imepambana na sotoka kwa karne nyingi. Mwaka 1711 ilipoingia Italia, tabibu wa Papa, Giovanni Maria Lancisi, alishauri kuchinja ng'ombe walioambukizwa, kufukia mizoga na kuzuia misafara ya mifugo. Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo katika Ulaya, kile cha Lyon nchini Ufaransa, kilianzishwa miaka ya 1760 kwa sehemu kubwa kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiteketea. Na mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India wakienda Brazil walipopitishwa bandari ya Antwerp, wakaambukiza mifugo ya Ubelgiji, mataifa yakaitana. Matokeo yake ni shirika la kimataifa la afya ya wanyama lililoundwa Paris mwaka 1924, zaidi ya miaka 20 kabla ya Shirika la Afya Duniani kuzaliwa.

Kuna udugu mwingine kati ya ng'ombe na binadamu, wa zamani zaidi. Virusi vya surua, iliyoua watoto wasiohesabika duniani, ni ndugu wa karibu wa virusi vya sotoka. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa kipande cha pafu la mtoto aliyekufa kwa surua Berlin mwaka 1912, kilichohifadhiwa kwenye dawa kwa zaidi ya karne. Kutokana na vinasaba vyake walikadiria kwamba virusi hivyo viwili huenda vilitengana tangu karne ya 6 kabla ya Kristo, wakati miji ilipokuwa imeanza kuwa mikubwa kiasi cha kuwezesha surua kuendelea kuishi ndani ya watu peke yao. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilitoka kwa ng'ombe, enzi ambazo watu na mifugo waliishi wakipumuliana.

Silaha iliyoishinda sotoka ilitengenezwa Muguga, katika vilima vilivyo karibu na Nairobi. Huko, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichohudumia Afrika Mashariki nzima, daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi kilichoitwa Kabete O na kukiotesha kwenye seli za figo za ndama. Wakakihamisha kutoka chupa moja hadi nyingine, zaidi ya mara 90. Kila kilipohamishwa kilizoea maisha ya chupani na kupoteza makali yake, hadi kikawa hakimuumizi ng'ombe lakini kinaufundisha mwili wake kujikinga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na chanjo rahisi kutengeneza, salama kwa ndama na kwa ng'ombe wa kila aina. Dozi moja ilitosha kumkinga maisha yake yote. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999.

Matunda ya chanjo yalionekana mahali ambapo wengi hawakuyatarajia. Serengeti, nyumbu walikuwa wakifa kila mwaka wakiwa na umri wa miezi michache, pale kinga ya maziwa ya mama ilipokwisha. Ilidhaniwa wanyamapori ndio ghala la ugonjwa. Kumbe mambo yalikuwa kinyume: ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka mbugani, na nyumbu waliozaliwa baada ya 1963 hawakuonyesha dalili za kuupata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Pundamilia, ambao sotoka haiwashiki, idadi yao haikubadilika sana.

Nyumbu milioni moja hula majani mengi. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kuunguza, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Twiga wakaongezeka, simba na fisi wakapata mawindo. Uhamaji wa nyumbu unaowaleta watalii kutoka pande zote za dunia, na kulipa mishahara ya maelfu ya Watanzania na Wakenya, unadaiwa na mabwana mifugo waliokwenda boma kwa boma na mabomba ya sindano. Jambo hili lingestahili kuandikwa kwenye lango la kila hifadhi.

Kuimaliza sotoka kabisa kulichukua muda. Kampeni ya kwanza ya bara zima, iliyoanza 1962, iliisukuma sotoka hadi kwenye maficho machache. Kisha nchi zikalegea, fedha zikakatika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa kishindo kutoka Nigeria hadi Sudan. Mwaka 1982 ulionekana tena kaskazini mwa Tanzania. Tatizo moja lilikuwa barafu. Chanjo ya Plowright ilihitaji mnyororo baridi, na ng'ombe waliobaki na ugonjwa walikuwa mahali ambako hakuna umeme wala barabara, wala mara nyingi amani: Karamoja, kusini mwa Sudan, Afar, mipaka ya Somalia.

Jeffrey Mariner, daktari wa mifugo kutoka Marekani, aliboresha namna ya kuikausha chanjo hiyo hadi ikaweza kukaa takriban mwezi mmoja bila jokofu. Sasa iliwezekana kuibeba begani. Hapo ndipo wafugaji wenyewe walipoingia kazini. Vijana waliochaguliwa na jamii zao huko Karamoja na kusini mwa Sudan walifundishwa kuchanja, wakaenda kwa miguu hadi kambi za ng'ombe ambazo gari la serikali halikuwahi kuzifikia. Walijua makundi yanahamia wapi, kisima gani kinakutanisha koo zipi, na nani hapatani na nani. Wazee walieleza dalili walizoziona na miaka walipoziona, na maelezo yao yalitumika kufuatilia mahali kirusi kilipojificha.

Kimbilio lake la mwisho lilikuwa eneo la mpaka wa Kenya na Somalia, ambako kilikuwa kimepoa kiasi kwamba ng'ombe waliugua kidogo tu na kupona. Kwa wanyamapori hakikuwa na huruma: kuanzia 1994 kiliua nyati na tandala wengi huko Tsavo. Mwaka 2001 kilionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Hakijaonekana tena popote porini wala zizini. Baada ya miaka kumi ya kupima damu, mwezi Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza mjini Roma kwamba dunia haina sotoka. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Virusi vilivyobaki viko kwenye majokofu ya maabara chache zilizoidhinishwa, na taasisi ya Pirbright ya Uingereza iliteketeza akiba yake mwaka 2019.

Ndugu yake bado yupo. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Kenya kupitia Turkana miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2008 ikathibitishwa kaskazini mwa Tanzania. Mbuzi ndiye mnyama anayeuzwa mtoto anapougua usiku na nauli ya kwenda hospitali haipo, na ndiye mwenye maziwa wakati ng'ombe wamepelekwa malisho ya mbali. Anapokufa, familia maskini hupoteza chakula na akiba kwa pamoja. Wanyamapori nao hawakusalimika: kuanzia mwishoni mwa 2016 ugonjwa huo uliwaua maelfu ya swala aina ya saiga nchini Mongolia, baada ya kutoka kwa mbuzi na kondoo wa wafugaji. Chanjo yake ipo, dozi moja humkinga mnyama kwa miaka kadhaa, na kama ile ya Plowright nayo imeshakaushwa ili ivumilie joto la safari. Mataifa yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwaka wa kuumaliza.