Vitabu 6 vya kusoma ukiwa Moro: riwaya nne, tawasifu mbili

Wengi wetu tulikutana na riwaya za Kiswahili kupitia vijitabu vya uchambuzi: dhamira, wahusika, fani, kisha mtihani. Ukishafaulu, basi. Tatizo ni kwamba uchambuzi unakupa majibu bila kukupa hadithi. Hivi hapa vitabu sita vya kusoma bila mtihani, iwe upo Msamvu unasubiri basi au mvua ya Uluguru imekufungia ndani.

1. Rosa Mistika (Euphrase Kezilahabi, 1971)
Rosa anakulia Ukerewe kwa baba mlevi na mkali, Zakaria, anayemchunga asikutane na wavulana. Halafu binti anafika Chuo cha Ualimu Morogoro, mbali na fimbo ya baba, bila kuwa amefundishwa jinsi ya kujilinda. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku, baadaye kikaja kusomwa mashuleni. Kama una binti wa sekondari, kisome wewe kwanza, kisha mzungumze. Swali lake bado lipo mezani: kumchunga mtoto na kumlea ni kitu kimoja?

2. Miujiza ya Mlima Kolelo (Hammie Rajab)
Mtu wa Uluguru haitaji kuelezwa jina hilo. Kolelo ni mzimu ulioheshimiwa na Waluguru tangu zamani, na watu walikwenda kwenye pango lake kuomba mvua na mavuno. Rajab, mwandishi pia wa *Roho Mkononi*, ni wa kizazi cha riwaya pendwa, zile zilizopita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Ukikiona kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, usikiache.

3. Kuli (Adam Shafi, 1979)
Rashidi ni mpagazi wa bandarini Zanzibar, na hadithi inaelekea kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Sentensi fupi, maisha magumu, hasira inayopanda taratibu. Yeyote aliyewahi kubeba mzigo kwa ujira mdogo atajiona humo. Ukikipenda, endelea na *Vuta N'kuvute*, iliyotengenezewa filamu mwaka 2021.

4. Peponi (Abdulrazak Gurnah)
Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake *Paradise* ya 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara. Misafara ya kweli kutoka Bagamoyo ilipita hapa hapa: Stanley alifika Simbamwenni, mji wa zamani chini ya Uluguru, mwaka 1871. Kina kurasa nyingi, kwa hiyo usikiharakishe.

5. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini (Shaaban Robert)
Mtu anamjua Shaaban Robert kwa *Kusadikika*, lakini humu anajieleza mwenyewe: karani wa serikali ya kikoloni, mume aliyefiwa na mkewe, baba anayewausia watoto wake kwa tenzi. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo. Soma kurasa chache kila jioni, utakizoea.

6. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu (Ali Hassan Mwinyi, 2021)
Rais wa awamu ya pili, 1985 hadi 1995, anasimulia maisha yake kuanzia utotoni. Kabla ya urais aliwahi kujiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mauaji ya raia yaliyofanyika Shinyanga chini ya vyombo vya wizara yake, ingawa si yeye aliyeyatenda. Kwa kijana anayejiuliza kama uwajibikaji ni neno tu, hapo pana mfano.

Uanze na kipi?
- Hujasoma riwaya siku nyingi: *Kuli*.
- Unataka kitu cha kujadili nyumbani: *Rosa Mistika*.
- Unapenda historia: *Peponi*, kisha *Mzee Rukhsa*.
- Unataka Kiswahili chenye uzito: Shaaban Robert.

Jambo la mwisho. Vitabu vya namna hii huzunguka WhatsApp kama PDF za bure, na mwandishi au familia yake haipati hata senti. Kama hela haitoshi, changeni watu wanne, mnunue nakala moja na kupokezana. Kila mmoja akimaliza, aandike jina lake ndani ya jalada. Mkifika jina la nne, mtakuwa na kikundi cha usomaji bila hata kuitisha mkutano.