Collins Obuya: kijana aliyeanza mara mbili



Leo naomba niwatoe kidogo nyumbani, twende Nairobi. Nataka tuongee juu ya kriketi, mchezo ambao kwetu hata mtoto mmoja hauchezi. Sisi tuko watu wa mpira wa miguu. Kriketi ilienda na Waingereza, na sisi tulitawaliwa na Wabelgiji. Lakini historia ya kijana mmoja wa Kenya imenisaidia sana, na mbele kidogo nitasema kwa nini.

Tuelewane kwanza juu ya mchezo wenyewe. Timu moja inarusha mpira, nyingine inaupiga kwa gongo la mbao na kukusanya alama. Mrushaji anatafuta kumtoa mpigaji. Wako wanaorusha kwa nguvu, na wako wachache wanaorusha polepole huku wakiuzungusha mpira kwa mkono, ili ukigusa chini ugeuke na kumdanganya mpigaji. Ni kazi ngumu sana, na ndiyo iliyokuwa kazi ya Collins Obuya.

Alizaliwa mwaka 1981, na mwaka 2001 akaingia timu ya taifa ya Kenya. Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, lakini mechi chache zilipelekwa Zimbabwe na Kenya. Tarehe 24 Februari, Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walikuja kucheza Nairobi. Kenya ilipata alama 210, na 60 kati yake zilitoka kwa Kennedy Otieno, kaka yake Collins. Kisha mdogo mtu akashika mpira. Aliwatoa wapigaji 5 na kuwaachia alama 24 tu. Sri Lanka wote wakatoka kwa 157. Alikuwa na miaka 21.

Kenya iliendelea mpaka nusu fainali, ikafungwa na India mjini Durban. Ni kweli pia kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuogopa usalama, na alama za mechi ile Kenya ikazipata bure. Lakini ushindi wa siku ile mbele ya Sri Lanka haukuwa wa bure. Mwaka uleule Obuya akachukuliwa na Warwickshire, klabu ya Uingereza. Kila mtu aliona njia yake imefunguka.

Kumbe hapana. Kule Uingereza hakufanikiwa. Aliporudi, mpira wake haukuwa tena ule wa 2003. Kenya yenyewe ilikuwa imeingia matatani: wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo, viongozi wa chama waligombana, na mechi kubwa zikawa chache. Kijana anayezungusha mpira anahitaji kucheza kila wiki ili mkono usisahau. Yeye angecheza wapi?

Hapa sasa niseme yangu. Nilipopata diploma ya Serikali, mtaa wote ulinijua kwa asilimia zangu. Familia ikauza ng'ombe, nikaenda kuanza udaktari. Mwaka wa kwanza nikaanguka, nikarudia, nikaanguka tena. Niliporudi kijijini nilisikia kwa masikio yangu: "Ule mtoto kichwa yake imekwisha." Nilikaa miezi mingi bila kushika kitabu. Rafiki mmoja alikuwa ameshashuka Twangiza kutafuta dhahabu, akaniita, na nusura nimfuate. Mama mkubwa ndiye aliyesema nijaribu kitu kingine, na minervali atailipa yeye. Ndivyo nilivyofika kwenye historia.

Obuya naye alijaribu kingine. Mrushaji aliyepotewa na mpira akashika gongo, akajifunza upya kuwa mpigaji. Si kazi ya mwezi mmoja. Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, kwenye Kombe la Dunia jingine, alisimama mbele ya Australia. Kenya ilishindwa kwa alama 60. Lakini Obuya alipata alama 98, na mechi ikaisha Waaustralia hawajamtoa. Zilimkosa mbili tu kufika mia. Nahesabu miaka kati ya siku ile ya Nairobi na hii ya Bangalore: ni nane.

Baadaye akawa kapteni wa timu, na alistaafu mwaka 2024, kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra, akiwa na miaka 42.

Ningeweza kuishia hapa na kusema "kijana, jikaze". Lakini historia hairuhusu. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza haki ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na tangu 2011 haijarudi kwenye lile Kombe la Dunia. Obuya alipopoteza mpira, bado kulikuwa na timu iliyompa nafasi ashike gongo. Watoto waliokuja nyuma yake wana mikono, wana akili, lakini zile mechi za kuwakomaza hazipo tena. Bidii ilikuwa ya Obuya, nafasi ilitoka kwa watu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa chama hiki. Kila mwaka tunawapigia makofi wenye asilimia kubwa. Vizuri. Lakini yule aliyeanguka mwaka wa kwanza, nani kati yetu anajua yuko wapi leo? Yule mwenye lisansi aliyekaa nyumbani mwaka wa tatu, nani amemwita hata kufundisha watoto wa sekondari wakati wa likizo?

Mimi nilikuwa na mama mkubwa. Si wote walio naye. Rafiki yangu yuko bado Twangiza, na katika hesabu alikuwa ananipita mbali.