Mwalimu wa Walimu: Habari za Walimu wa Jeanes, Toka Virginia Hata Kabete

Waandishi wa historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki wamezoea kutaja waasisi wa shule, miaka ya kufunguliwa kwa vyuo, na majina ya wanafunzi waliopata jaha baadaye. Aghalabu hawasemi ni nani aliyemfundisha mwalimu baada ya mwalimu kwisha kukabidhiwa darasa lake. Walakini swali hilo ni la zamani, na miongoni mwa majibu yake ya awali yenye mpango maalumu katika nchi zetu ni lile lililotolewa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925, kwa jina la bibi mmoja wa Marekani aliyekuwa amefariki miaka kumi na minane kabla yake. Wakati huu ambapo mafunzo ya walimu kazini yamo tena katika hotuba za mawaziri na malalamiko ya vyama vya walimu, inafaa habari hizo zisimuliwe upya, maana yaliyowafika watu wa Kabete hayako mbali na yanayotufika sisi.

Bibi huyo ni Anna T. Jeanes wa Philadelphia, mfuasi wa madhehebu ya Quaker, aliyerithi mali nyingi asiwe na mume wala mtoto wa kumwachia. Mwaka 1907, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alitoa dola 1,000,000 zitumike kwa shule ndogo za mashamba zilizosomesha watoto weusi katika majimbo ya Kusini, na katika wasimamizi wa mali hiyo alikuwamo Booker T. Washington wa Tuskegee. Shule zenyewe zilikuwa katika hali ya dhiki: chumba kimoja, mwalimu mmoja, masomo ya miezi michache tu kwa mwaka, na mwalimu huyo mara nyingi ni kijana ambaye elimu yake haikuwazidi sana wanafunzi wake wakubwa. James Hardy Dillard, aliyekuwa rais wa mfuko huo, alikabiliwa na mushkili ulio dhahiri, kwa kuwa fedha hizo, ingawa nyingi kwa hesabu, zisingetosha kumpeleka kila mwalimu chuoni, seuze kumjengea kila mmoja shule mpya.

Jawabu lilitoka kwa mwalimu mwenyewe. Katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, palikuwa na mwanamke aitwaye Virginia Randolph, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, aliyeanza kufundisha katika shule ya Mountain Road mwaka 1892. Shule aliyoikuta ilikuwa chakavu, naye akaipaka chokaa, akatandaza changarawe uani, akapanda miti, na pamoja na kusoma na kuhesabu akawafunza watoto kushona, kupika na kusuka vikapu. Baadhi ya wazazi walimlaumu, wakisema kwamba watoto wamepelekwa shuleni kusoma vitabu, wala si kufanya kazi za mikono ambazo wazee wao walilazimishwa kuzifanya tangu enzi za utumwa. Naye hakuwakimbia, bali aliwaendea majumbani, akazungumza nao hata wakamwelewa. Mkuu wa elimu wa wilaya hiyo, Jackson Davis, alipoona namna shule ile moja ilivyopishana na nyingine zote, aliomba fedha za mfuko wa Jeanes ili mwalimu huyo atolewe darasani, azunguke katika shule za watu weusi za wilaya nzima, zaidi ya ishirini, awasaidie walimu wenziwe. Tarehe 26 Oktoba 1908 akateuliwa, kwa mshahara wa dola 40 kwa mwezi, na taarifa ya kazi yake ya mwaka wa kwanza ikapigwa chapa na kusambazwa kwa wakuu wa elimu wa majimbo ya Kusini, ambao wengi wao wakataka na wao wapatiwe walimu wa namna hiyo.

Ubora wa mpango huu ulikuwa katika hadhi ya yule aliyetumwa. Mwalimu wa Jeanes alitoka darasani, akajua uzito wa kufundisha watoto wa rika mbalimbali katika chumba kimoja, na alipofika kwa mwenziwe hakufika na mamlaka ya kumfukuza kazi. Alifika kumwonyesha jambo, kulifanya pamoja naye, kisha kurudi tena siku nyingine atazame limefikia wapi. Fauka ya hayo, aliwaunganisha wazazi, akachangisha fedha za kurefusha muhula wa masomo, na wakati Julius Rosenwald alipotoa mali yake kusaidia ujenzi wa shule karibu 5,000 za watu weusi, walimu wa Jeanes walikuwa miongoni mwa waliokwenda mlango kwa mlango kukusanya mchango wa wanakijiji, ambao ulikuwa sharti la kupata msaada huo.

Kwa insafu, lazima upande wa pili nao usemwe. Mpango huu ulizaliwa katika nchi iliyotenga watu kwa rangi, na mwalimu wa Jeanes, hata angekuwa hodari namna gani, alikuwa chini ya wakuu weupe ambao wengi wao hawakuona taksiri yoyote katika kumpa mtoto mweusi shule duni. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi aliyekuwa na hoja kali, alimpinga hadharani Thomas Jesse Jones wa Mfuko wa Phelps-Stokes, aliyehubiri kwamba elimu ya watu weusi ielemee kilimo, afya na ufundi. Du Bois alihofu kwamba mahubiri hayo, hata yakitolewa kwa nia njema, yatawafungia watu wake mlango wa elimu ya juu. Hofu hiyo ilivuka bahari pamoja na mpango wenyewe.

Mwaka 1924 Jones aliongoza tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, na katika wajumbe wake walikuwamo Dillard yule yule wa mfuko wa Jeanes, na James Aggrey, mwalimu mashuhuri mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Wajumbe walikuta katika Kenya shule nyingi ndogo za misheni, zilizotawanyika vijijini, zikiendeshwa na walimu waliojua kusoma Biblia na kuandika barua na pengine si zaidi ya hapo, huku mmisionari msimamizi akiwatembelea kwa nadra. Hali hiyo haikuwa ngeni machoni mwa Dillard. Mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa siasa ya elimu katika makoloni yake ya Afrika, na waraka huo ulisifu utaratibu wa walimu wenyeji wa kuzunguka kuwa njia bora ya kuinua shule za vijijini. Mwaka huo huo wa 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes ya Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na mkuu wake wa kwanza akawa J. W. C. Dougall, mtu wa Uskochi aliyekuwa katibu wa tume ile.

Kabete haikupokea vijana wasioonja kazi. Walioitwa walikuwa walimu wa misheni waliokwisha kufundisha, nao walikuja na wake zao na watoto wao, wakapewa nyumba za kuishi kama watu wa kijiji kimoja, wakakaa muda wa miaka miwili. Mume alijifunza namna ya kufundisha, kilimo, usafi wa maji na vyoo, na uongozi wa shule. Mke alijifunza malezi ya watoto, mapishi na ushonaji, kwa dhana kwamba mwalimu atakayewaongoza wanakijiji hawezi kuwaongoza peke yake ilhali nyumba yake haisadiki anayoyasema. Baada ya hapo walirudi katika misheni zao, kila mmoja akapewa shule kadhaa za vijijini za kuzungukia. Kutoka Kabete mfano huo ulienea hata Nyasaland na Rhodesia zote mbili, na shule za aina hiyo zikafunguliwa huko.

Matunda yalionekana, na vikwazo navyo vilionekana. Mwalimu wa Jeanes alikuwa na mabwana wengi: misheni iliyomwajiri, serikali iliyochangia mshahara wake, na wazee wa kijiji waliomkaribisha, kila mmoja alitaka jambo lake. Wazazi walitaka watoto wafundishwe Kiingereza na hesabu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyompa mtu kazi ya karani na sauti mbele ya serikali, na waliposikia habari za mashimo ya taka na ufugaji wa kuku, wengi waliuliza, kwa hofu iliyofanana na ile ya Du Bois, kwa nini mtoto wa mlowezi hafundishwi hayo hayo. Swali hilo lilikuwa la haki. Walowezi walihitaji vibarua, na elimu iliyomtaka Mwafrika abaki kijijini haikuweza kuaminika katika nchi ambayo ardhi nzuri ya vijiji hivyo ilikuwa imechukuliwa.

Kwa hiyo, baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, shule za kujitegemea zilipoongezeka, watu waliamua kujitafutia walimu wao. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange alifungua Chuo cha Walimu cha Kenya pale Githunguri, na ni jambo la kutia fikira kwamba Koinange mwenyewe alikuwa amesoma Hampton, katika jimbo lile lile la Virginia, kisha akasoma Columbia, New York. Alikwenda kwenye chemchemi za maarifa ambazo Kabete ilichota, akarudi na uamuzi mwingine: kwamba mwalimu wa Mwafrika alelewe na Waafrika, kwa fedha zao na kwa shabaha waliyoichagua. Jomo Kenyatta aliongoza chuo hicho tangu mwaka 1947, hata serikali ilipokifunga mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari.

Kabete nayo haikudumu kama ilivyoanza. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, shule ilisimama na mahali pake pakatumiwa na jeshi. Baada ya vita ikafufuliwa kwa mafunzo ya maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Utawala ya Kenya, ambayo leo ni Chuo cha Serikali. Palipofundishwa walimu wa walimu pakafundishwa maofisa.

Hata hivyo wazo halikufa. Huko Tanzania, katika miaka ya mwanzo ya 1970, mpango wa MTUU, ulioshirikisha serikali, UNICEF na UNESCO, uliwatuma wakufunzi kutoka vyuo vya ualimu wazunguke katika shule za msingi, wawasaidie walimu kuyafahamu masomo mapya yaliyofuata siasa ya nchi hiyo ya Elimu ya Kujitegemea. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, redio na msaada wa waratibu wa kata. Kenya nayo iliweka vituo vya ushauri wa walimu na wakufunzi wake, na siku hizi Tanzania ina MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo huwakutanisha walimu shuleni kwao na katani mwao katika jumuiya za kujifunza.

Historia hii ina hukumu mbili zisizopingika kirahisi. Ya kwanza ni kwamba mwalimu huongezeka ujuzi pale pale afundishapo, kwa msaada wa mwenziwe anayeijua kazi. Hilo Virginia Randolph alilithibitisha kwa mshahara wa dola 40. Ya pili ni kwamba mafunzo hayo, hata yakiwa mazuri, hukataliwa au hupokewa shingo upande iwapo mwalimu na wazazi hawakuulizwa yanaelekea wapi; hilo Githunguri ililithibitisha. Wanaopanga mafunzo ya walimu leo na waanze kwa kumwuliza mwalimu anakwama katika somo gani, wamteue mtu wa kumtembelea kutoka miongoni mwa walimu wanaoheshimiwa na wenzao, wasimtwishe kazi ya ukaguzi, na wampe nauli ya kurudi shuleni mara ya pili na ya tatu kabla hawajamdai taarifa.